Upindo wa Shati la Fadhili

Mwezi uliopita nilipeleka kitambaa kwa fundi mmoja hapa Lindi, nishonewe shati la kuvaa kwenye harusi ya binti wa jirani. Fundi mwenyewe ni kijana, ana cherehani ya umeme na spika kubwa kuliko cherehani, lakini pasi yake bado ni ya mkaa kwa sababu umeme, anasema, una tabia zake. Wakati ananipima, mwenzake alikuwa ananyunyizia maji kitambaa kipya na kupitisha pasi juu yake, na ile harufu ikanifikia pale nilipokuwa nimenyoosha mkono: tetroni mpya, maji, mkaa na moshi kidogo. Nikasahau nimeulizwa nini. Kijana akarudia, "Mzee, mkono uishie kwenye kifundo au tushushe kidogo?" Nikamwambia akate popote anapoona panafaa, jibu ambalo Mama angelisikia angeniuliza kama nina akili timamu.

Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa shati la kukulia ni kitu gani, ila nitaeleza kwa sababu wanangu nilipowasimulia walidhani nawatania. Sisi watoto wa Kilwa Kivinje hatukushonewa nguo za miili tuliyokuwa nayo. Shati la sikukuu lilikatwa na mikono mirefu kupita kiasi, kisha ule urefu wa ziada ukakunjwa kwa ndani na kushikizwa kwa mshono mwepesi. Huo ndio ulikuwa upindo. Mwaka ukipita na mtoto akirefuka, mama anachukua wembe, anafumua, anashusha, anapinda upya ukingoni, na shati linaendelea na safari. Fundi wetu hakuuliza habari za inchi. Aliuliza vidole: "Tumwachie vingapi?" na mama akajibu viwili, vitatu, au vinne kama ana imani kubwa na mwanawe. Na kwa kuwa ile sehemu ya ndani haikuwahi kupigwa na jua wala kusuguliwa na sabuni, ikishushwa inabaki na rangi yake mbichi, mstari mzima kuzunguka kifundo. Ukipita mtaani kila mtu anajua shati lako ni la sikukuu ipi.

Mimi niliuchukia upindo kwa moyo wangu wote. Ulikuwa mgumu, unakwaruza, unaweka jasho kwenye vifundo, na mikono yenyewe hata baada ya kukunjwa ilifika karibu na vidole. Nilikuwa na ndoto moja tu katika mambo ya mavazi, nayo ni shati linaloishia pale mtu anapoishia.

Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi nje ya mji. Alirudi nyumbani alasiri miguu imepasuka na nyusi zina weupe, na sisi tulikuwa tukimlamba mkono kuona kama kweli ana chumvi. Mama alikuwa mtu wa Kilangala, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika, na akikasirika alizungumza polepole. Tulikuwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Fadhili. Watu waliwaita wazazi wetu Baba Athumani na Mama Athumani, na mimi nilikua nikidhani Athumani ni cheo, kitu ambacho watu wawili wanapewa wakishaoana. Hakuna aliyekuwa ameniketisha chini kuniambia kwamba Athumani alikuwa mtoto, kaka yetu mkubwa, aliyefariki mimi nikiwa bado natambaa.

Athumani alikuwa na sikoseli, na Fadhili naye alikuwa nayo. Siku hizi watu wanaielewa. Wakati ule nyumbani kwetu ilikuwa ni homa zisizo na mpangilio, macho ya njano, vidole vinavyovimba, na kilio cha mifupa ambacho hata jirani wa pili alikisikia. Ila mimi sikuutazama ugonjwa kwa upande huo. Nilichoona ni kwamba Fadhili alikuwa akila maini peke yake, analetewa soda, hatumwi kisimani, na akinipiga mimi ndiye ninayeambiwa nimwache. Kwa akili yangu ya utoto ile ilikuwa kazi nzuri sana, na nilishangaa kwa nini hakuna mtu aliyeniajiri.

Sasa, Ramadhani moja dada yake Mama alijifungua huko Kilangala, na Mama akaondoka kwenda kumwangalia. Kabla ya kuondoka alinunua kitambaa cha mashati yetu ya Idi, tetroni ya samawati, akakiweka mezani na kumwelekeza Baba kama anavyoelekezwa mtoto anayetumwa dukani. "Baba Athumani, hiki ni cha mashati mawili, wala hakibaki. Fundi anajua. Wewe kazi yako kuwafikisha tu." Baba akaitikia. Nina uhakika hakuwa na mpango wowote kichwani wakati ule.

Fundi Mahadhi alikuwa akishonea barazani, karibu na soko. Alikuwa mwembamba, mkali, na alitupima kama mtu anayekagua mbuzi. Mimi alinijua vizuri kwa sababu kila mwaka nilijaribu ujanja uleule, nainua bega na kukunja kiwiko ili mkono uonekane mfupi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Simama wima, wewe. Na hilo bega lishushe." Akanipiga kidogo kwenye kiwiko, akashusha futi kamba, akamgeukia Baba. "Huyu vidole vinne, kama siku zote?"

"Kama siku zote."

Akaja Fadhili. Alikuwa ametoka kuumwa vibaya, wiki iliyotangulia tu alikuwa amelazwa, na shingo yake ilikuwa imebaki nyembamba kwenye kola ya zamani. Akanyoosha mkono mwenyewe kabla hajaambiwa.

"Na huyu?" Fundi akauliza.

Baba akaitazama ile shingo. "Huyu mkatie sawa na mkono wake."

"Sawa na mkono, halafu tuache vingapi?"

"Usiache."

Fundi akanyanyua macho. "Baba Athumani, huyu ni mtoto."

"Namwona."

"Mtoto anakua."

"Kata hivyo hivyo, Fundi."

Fundi akamtazama Fadhili, akatazama futi, akaweka alama yake ya chaki. Nadhani hakutaka kubishana na mtu mwenye saumu mbele ya watoto. Alichosema ni kwamba basi, kama hakuna upindo, atamwekea kafu. Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Kafu! Kafu yenye kifungo, kama walimu, kama watu wa ofisini! Mashati ya watoto hayakuwa na kafu kwa sababu ukiweka kafu hakuna tena cha kushusha.

"Na mimi, Baba! Na mimi nisiachiwe!"

"Nyamaza," Baba akasema. "Wewe bado unakua."

Nililibeba neno hilo mpaka nyumbani. Kama mimi bado nakua, maana yake Fadhili amemaliza. Sikujua imetokeaje, maana alinifika begani, lakini katika nyumba ambayo mgonjwa alipewa kila kitu halikuwa jambo la ajabu sana kwamba amepewa na utu uzima. Fadhili mwenyewe alilipokea bila taabu. Siku zote zile alizunguka amenyoosha mkono, akionyesha kwa kidole mahali kafu itakapokaa. "Mimi mkubwa sasa," aliwaambia watoto wenzake. "Kaka yangu bado anakua." Nilimchukia kwa utulivu, nikimsubiri Mama.

Mama alirudi siku ya nne au ya tano, alasiri, na kiroba cha karanga mbichi. Hajavua hata mtandio nikaanza. Nilipanga mashtaka yangu vizuri: kwamba tulikwenda kwa Fundi, kwamba mimi nimeachiwa vidole vinne, kwamba Fadhili amekatiwa sawa na mkono na anawekewa kafu, na kwamba Baba amesema Fadhili hakui tena ila mimi bado.

Mama alikuwa ameinama anafungua kiroba. Akabaki vilevile. "Baba yako kasema hivyo?"

"Kasema usiache."

"Kamwambia Fundi?"

"Fundi kamwambia mtoto anakua. Baba kasema kata hivyo hivyo."

Alianza kuzungumza polepole, na mimi nikafurahi, nikijua sasa mambo yanakwenda. "Vaa viatu," akaniambia. "Twende." Fadhili tukamwacha kwa jirani. Njiani Mama alitembea mbele yangu kwa mwendo ambao hakuna mtu mwenye saumu anautembea alasiri, na mimi nikikimbia nyuma yake nimejaa matumaini ya kafu.

Tulimkuta Fundi ameshakata shati la Fadhili. Vipande vyake vilikuwa vimekunjwa pamoja juu ya benchi, na mikono miwili midogo ikiwa juu. Langu lilikuwa bado kitambaa kizima.

"Fundi, hii mikono nani kasema ikatwe hivi?" Mama akauliza. Hata salamu alisahau, na Mama hakuwa mtu wa kusahau salamu.

"Mwenye mtoto kasema."

"Na mimi je? Mimi nimemwokota?"

Fundi akatema uzi uliokuwa mdomoni. "Mama Athumani, mimi fundi. Nikiambiwa kata, nakata. Nilimuuliza, akanijibu, nikamuuliza tena."

"Haya. Sasa nataka mkono wa mwanangu uwe na vidole vinne."

"Nitaunga wapi? Nikiunga kipande, kiungo kitaonekana."

"Sitaki kuunga. Nataka mkono mzima."

Fundi akakitandaza kitambaa kilichobaki, akaweka karatasi zake za vipimo juu yake, akazigeuza huku, akazigeuza kule, akapima kwa kiganja, akasonya. Nilikuwa nimesimama kati yao pua ikifika mezani. Mwishowe akasema kwamba inawezekana kumkatia Fadhili mikono mipya kutoka kwenye kitambaa changu, ila hapo mimi nitabaki na mikono inayoishia kwenye kifundo tu, bila cha kuacha, na hiyo pia kwa kusaidiwa na kafu zitakazotoka kwenye ile mikono midogo iliyokatwa bure. "Nikimpa yule, huyu mkubwa anakosa," akamaliza.

Mama akaniangalia. Mimi nilikuwa nimeshikilia ukingo wa meza, na uso wangu lazima ulikuwa unang'aa, kwa sababu hasira yake ilimtoka akakaribia kucheka.

"Akose," akasema.

Sijapata tena kukosa kitu kwa furaha namna ile.

Lakini jambo lenyewe halikuishia kwa Fundi. Jioni ileile Baba aliporudi kutoka kwenye chumvi, Mama alikuwa uani anatwanga karanga na mimi napepea jiko. Hakumsubiri hata akae. Akamwambia amekwenda kwa Fundi na ametengua maneno yake.

Baba akaweka chini alichokuwa amebeba. "Ungeniuliza kwanza."

"Na wewe ungeniuliza kwanza. Unamkatia mtoto nguo sawa na mwili, usibakize kitu, unajua ni nguo gani inayokatwa hivyo? Sanda. Mimi simkatii mwanangu sanda akiwa mzima, Baba Athumani."

Nilitegemea Baba atafoka. Alikaa kwenye kizingiti, mikono kwenye magoti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Athumani naye walimwachia vidole vinne. "Tulimwachia, vikamfaa nini? Lile shati tukalitoa sadaka. Mwaka uliofuata nikamwona mtoto wa watu sokoni, mama yake kashusha mikono, mstari mbichi huo hapa." Akashika kifundo chake. "Vile vidole vinne vilikuwa vya mwanangu. Nilisimama na mzigo wangu mpaka mtu akaniuliza kama naumwa. Sitaki kuliona tena jambo hilo. Bora pasibaki kitu."

Mama akaacha kutwanga. "Mimi pia nililiona," akasema. "Yule mtoto alikuwa anapita hapa mlangoni kwenda madrasa. Kila siku nililiona. Lakini Fadhili ana macho. Mwakani angemwona kaka yake anashushiwa na yeye hana cha kushushiwa, angeuliza. Ungemjibu nini?"

Baba akainuka kizingitini. Aliomba maji ya kunawa. Mama akarudi kwenye kinu chake, na mimi nikaendelea kupepea jiko ambalo lilikuwa limeshakolea zamani.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba nilielewa. Nilichoelewa mimi ni hiki: kumbe Athumani ni mtu, kumbe alikuwa mtoto wa nyumba yetu, na kumbe upindo ndio uliomuua. Baba alikuwa amesema kwa mdomo wake, wakamwachia vidole vinne na havikumfaa, na ndiyo maana hataki Fadhili aachiwe. Kila kipande kilikaa mahali pake. Nguo iliyokunjwa ndani ilikuwa na kitu ndani yake. Mimi nilikuwa nimevaa upindo mwaka hadi mwaka bila kudhurika kwa sababu mimi ni mgumu, kila mtu alisema hivyo, lakini Fadhili hakuwa mgumu. Na sasa Mama, kwa ukaidi wake, ameuchukua upindo wangu na kumpa yeye. Furaha yangu ya kafu ikaingia doa. Nilimtazama mdogo wangu akilala na nikamwonea huruma ambayo sikuwa nimewahi kumwonea hata alipokuwa analia kwa maumivu.

Idi ikafika. Mashati yalikuwa mazuri, Fundi hakuwa na mchezo. Kafu zangu ziliishia kwenye kifundo, kifungo kimoja kimoja, na watu wazima uwanjani baada ya swala walinishika mkono kama mwanamume. Fadhili alinuna asubuhi nzima. Mikono yake ilimfika kwenye vidole, migumu, minene mwishoni, na alikuwa amewaahidi watoto wote wa mtaa kwamba ataonyesha kafu. Nilijaribu kumwambia anyooshe mikono mbele, isimguse mwilini. Akaniambia nimwache.

Mchana akachoka, kama alivyokuwa akichoka siku za shamrashamra, akavuliwa shati, akalala. Mama alikuwa mbele na wageni. Shati lilitundikwa kwenye msumari ukutani. Nikalichukua, nikatafuta wembe wa Mama kwenye kopo la vifungo, nikakaa nyuma ya nyumba kwenye kivuli nikaanza kufumua. Mshono wa upindo ni mwepesi, umeshonwa kwa ajili ya kufumuliwa, kwa hiyo mkono wa kwanza haukunisumbua. Nilikuwa nimeushusha wote, nimeukunjua, nikitazama ndani kuna nini. Hakukuwa na kitu. Nikaamua kuukata kabisa ule urefu wa ziada na kwenda kuutupa, kisha nihamie mkono wa pili. Ndipo Baba akatokea.

Baba hakuwa mtu wa kupiga, lakini shati jipya, siku ya Idi, na wembe mkononi, ni mambo ambayo yangeweza kumbadilisha mtu yeyote. Nikaanza kusema kabla hajasema. Nikamwambia nautoa ule uliomuua Athumani. Nikamwambia Mama haelewi, na kwamba mimi nitamwachia Fadhili kafu zangu kama akitaka, ila upindo utoke.

Baba akachuchumaa. Akauchukua wembe kwanza, taratibu, akauweka mbali. "Nani kakwambia upindo ulimuua Athumani?"

"Wewe. Ulimwambia Mama."

Nilimwona akirudi nyuma kwenye maneno yake, akiyatafuta. Kisha akakaa chini kabisa, kwenye mchanga, na kanzu yake ya sikukuu. "Kitambaa hakiui mtu," akasema. "Athumani alikuwa na ugonjwa. Uleule wa Fadhili."

"Kwa hiyo Fadhili atakufa?"

Sikukusudia kuuliza swali kubwa. Lilikuwa ndilo linalofuata tu. Baba akalishika shati, akaupitisha mkono ule uliofumuliwa kwenye kiganja chake, akautazama urefu wake wote, kisha akaniambia nikamletee sindano.

Nikaleta ya Mama, akaikataa. Alitaka yake. Kule kwenye chumvi, kazi yake hasa ilikuwa kushona midomo ya viroba vikishajaa, na sindano yake ilikuwa ndefu, iliyopinda kidogo mbele, anaiweka juu ya dirisha. Nikaleta hiyo. Akaukunja upindo upya, akapima kwa vidole vyake mwenyewe, na vidole vya Baba vilikuwa vinene kuliko vya Fundi, kisha akashona. Alishona kwa uzi wa viroba, mishono mikubwa, akivuta kwa nguvu kila mara kana kwamba ndani kuna kilo hamsini. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Hakuyafuta wala hakuyaficha, na mimi niliogopa zaidi kuliko ningepigwa.

Mama alikuja kutafuta kilichotupoteza. Akasimama kwenye mlango wa nyuma, akamwona mumewe amekaa mchangani na shati la mtoto magotini. Akatazama mshono.

"Baba Athumani, hilo shati au kiroba?"

"Hii haifumuki ovyo," Baba akasema.

"Mwakani nitaifumuaje?"

"Mwakani nitafumua mwenyewe."

Mama aliingia ndani, na nikamsikia akiwaambia wageni wale taratibu, chakula kingalipo, kwa sauti ya mtu aliyetoka kucheka au kulia, mimi sikuweza kujua ni kipi.

Na mwakani akafumua mwenyewe. Ilimchukua muda kwa sababu uzi ule haukukusudiwa kutoka. Mkono mmoja ukashuka na mstari mbichi, wa pili hivyo hivyo, na matundu ya sindano ya viroba yakabaki kuuzunguka ule mmoja mpaka shati lilipokufa. Fadhili alilalamika kwamba anachekwa. Baba alimsikiliza akilalamika kutoka mwanzo mpaka mwisho, hakumkatiza, na akamwuliza kama ana la kuongeza. Mimi nilikuwa na malalamiko yangu, maana shati langu la kafu lilikuwa limeshanibana na halikuwa na pa kwenda, likampata Fadhili. Kwa hiyo kafu akazipata mwishowe.

Sitasema mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Fadhili alilazwa na kutoka, akalazwa na kutoka, kuna mwaka ambao Idi ilimkuta wodini na shati akavalishwa akiwa kitandani. Alikosa shule, akarudia madarasa. Lakini kila Ramadhani alikwenda kwa Fundi Mahadhi, na kila mara Baba mwenyewe ndiye aliyempeleka, akijibu vidole vinne kabla ya kuulizwa. Mama alishaacha kuingilia.

Mara ya mwisho Baba kumpeleka nilikuwepo. Nilikuwa nimeshahamia Lindi, nimerudi Kivinje kwa ajili ya sikukuu, na Fadhili alikuwa amepata kazi yake ya kwanza, ya kuhesabu mizigo ghalani, anataka shati la kuanzia. Alikuwa na ndevu. Zilikuwa chache, lakini alizitunza. Nilimtania kwamba mwanamume mzima anasindikizwa na baba yake kwa fundi, naye akanijibu kwamba hajamwalika mtu. Baba, aliyekuwa mbele yetu, alijitia hasikii. Alidai anapita tu kwenda sokoni.

Fundi Mahadhi alikuwa amezeeka, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, na ukali ulikuwa bado uko palepale. Akamsimamisha Fadhili, akaweka ncha ya futi kwenye bega, akaishusha kwenye kiwiko, akafika kwenye kifundo. Baba akafungua mdomo kusema vidole vyake. Fundi akamtangulia.

"Hapa hakuna tena cha kuacha, Baba Athumani," akasema, bila kunyanyua kichwa. "Huyu ameshafika. Mkono wa mtu mzima huu."

Baba akabaki mdomo wazi. Akamtazama Fadhili kana kwamba kuna mtu amemleta sasa hivi, akatazama bega, kiwiko, kifundo.

"Pima tena," akasema.

Fundi akapima tena, akataja kipimo, kilekile.

"Pima tena, Fundi."

"Mzee, mkono ni uleule. Hauwezi kubadilika nikiwa nimeushika."

"Najua," Baba akasema. "Pima tu."

Fundi Mahadhi akavua miwani, akaifuta kwenye shati lake, akaivaa. Kisha akarudisha ncha ya futi begani kwa Fadhili na kuanza upya, polepole safari hii, akitaja kila inchi kwa sauti.